Binti anaitwa Gift, anakwenda Ujerumani: je, jina lake ni sumu?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Moshi, ambaye kwa desturi yetu nitamwita Mama Gift. Binti yake anasoma Kijerumani ili aende Ujerumani kusomea uuguzi. Siku darasa lilipofika kwenye msamiati wa hospitali, wenzake waliangua kicheko: jina lake kwa Kijerumani ni sumu. Mjomba wake anayeishi Uswidi naye akaongeza kwenye simu kwamba huko ni sumu vilevile, ila neno hilohilo ndilo unaloweka alama kwenye fomu ukiwa na ndoa. Mama anauliza: hili ni neno moja lililogawanyika, au ni maneno tofauti yaliyofanana kwa bahati tu? Na je, mtoto abadilishe jina kabla ya kuomba viza?

Marahaba, Mama Gift. Nianze na la mwisho ili ulale usingizi: asibadilishe jina. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini, nayo ni marefu kidogo, kwa sababu umegusa neno ambalo wanaisimu wa Ulaya wamelipenda kwa vizazi vingi.

Ni neno moja. Sumu ya Wajerumani, ndoa ya Waswidi na zawadi ya Waingereza zimetoka tumbo moja, na hakuna ubahatishaji hapo. Lugha hizi ni za ukoo mmoja uitwao wa Kigermanik: Kijerumani, Kiingereza, Kiholanzi, Kiafrikana cha Afrika Kusini, Kiyidi, halafu upande wa kaskazini Kiswidi, Kideni, Kinorwei na Kiaislandi. Zote zina kitenzi kimoja cha kale cha kutoa. Kwa Kiingereza ni give, kwa Kijerumani geben, kwa Kiholanzi geven, kwa Kiswidi ge. Wazee wa lugha hizo walichukua mzizi wa kitenzi hicho, wakaongeza kiishio cha t, wakapata nomino ya tendo lenyewe. Sauti ya b au v ya mzizi, ilipokutana na t, ikageuka f. Utaona mtindo uleule kwenye Kiingereza ukiweka give na gift kando ya drive na drift, au thrive na thrift. Sisi tumefanya jambo la karibu na hilo kwa kitenzi chetu -pa, ambacho kimetuzalia kipaji na kipawa. Mtu mwenye kipawa ni mtu aliyepewa, na Mwingereza humwita gifted kwa fikra hiyohiyo.

Shikilia jambo moja kuanzia hapa, maana ndilo ufunguo wa hadithi nzima. Maana ya asili ya gift ni kutoa, au kile kinachotolewa. Neno halikusema ni kitu gani, wala kizuri wala kibaya. Linaeleza mkono unaotoa, na kilichomo mkononi linakiacha wazi. Kila lugha baadaye ilikaza macho kwenye kitu kimoja kati ya vingi ambavyo watu hupeana, na kitu hicho kikameza neno.

Cha kwanza kumeza neno, kwa ushahidi wa maandishi, hakikuwa zawadi ya sherehe wala sumu. Kilikuwa bibi harusi.

Maandishi marefu ya kale kuliko yote katika ukoo huu ni Biblia ya Kigothi, lugha ya Kigermanik iliyokwisha kufa, iliyotafsiriwa na askofu Wulfila katika karne ya 4, kwenye nchi za kusini mwa mto Danube ambako leo ni Bulgaria. Fungua Injili ya Luka sura ya 1, pale Malaika Gabrieli anapotumwa kwa Mariamu. Biblia yetu inasema Mariamu alikuwa ameposwa na Yusufu. Kigothi kinasema alikuwa in fragibtim. Ondoa kiambishi cha mbele, fra-, na mwisho wa kisarufi, utaona gibt, yaani gift yetu, imekaa katikati. Kwa hiyo, Mama Gift, mara ya kwanza tunapokutana na jina la mwanao katika maandishi ya Kigermanik, linamhusu Bikira Mariamu katika uchumba wake. Wenzake darasani wakicheka tena, aanze na hilo.

Uingereza nako mambo yalikuwa vivyo hivyo. Katika Kiingereza cha kale, gift au gyft ilikuwa mali inayotolewa kwa ajili ya mke, na kwa wingi ikawa na maana ya harusi. Mfalme Ine wa Wessex, aliyetawala kuanzia mwaka 688 hadi 726, aliacha sheria zake kwa maandishi, na kifungu kimoja kinahusu posa iliyovunjika. Kinasema mtu akinunua mke, kisha ile gyft isitimie, basi mali irudishwe, ilipwe tena kiasi kilekile, na mdhamini wa posa afidiwe kwa kuvunjiwa dhamana yake. Wanahistoria wa huko bado wanabishana kama neno "kununua" hapo lichukuliwe kama lilivyo, au lilikuwa namna tu ya kusema. Ubishi wenyewe tunaujua vizuri. Umewahi kukaa kikao cha mahari ambacho mjomba mmoja hakusimama kusema "sisi hatuuzi mtoto"?

Sasa inakuja ajabu ambayo hata Waingereza wengi hawaijui. Gift ya leo ya Kiingereza, ile uliyompa mwanao, si ile ya Mfalme Ine. Ile ya zamani ilianza kwa sauti ya y, na kama ingeachwa ikue yenyewe, leo Waingereza wangesema yift. Kweli katika maandishi ya Kiingereza cha zama za kati unakutana na yift na yeft. Lakini kuanzia karne ya 9 Wadeni na Wanorwei walivamia mashariki na kaskazini mwa Uingereza, kisha wakabaki, wakalima, wakaoa. Wao walitamka neno lao kwa g nzito, nalo kwao lilikuwa na maana pana zaidi ikiwemo zawadi ya kawaida. Kufikia karne ya 13 neno la wageni lilikuwa limeingia katika Kiingereza, na baadaye likalifukuza la wenyeji kabisa. Ukiitamka Gift kwa g kama ya "gari", unatamka kama mabaharia wa kaskazini.

Cha kuchekesha ni kwamba huko kaskazini kwenyewe maana ya zawadi ndiyo iliyonyauka, na ile ya ndoa ikashamiri.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa mjomba yuko Uswidi na kwa kuwa Mswahili analielewa jambo hili haraka kuliko Mwingereza. Kwa Kiswidi cha kale kitenzi gifta kilikuwa na maana ya kumtoa binti aolewe. Mtoaji alikuwa na cheo chake kisheria: giftoman, mwanamume mwenye haki ya kumwoza binti, kwa kawaida baba, na baba akiwa hayupo basi kaka au ndugu wa karibu. Ukimwambia mtu wa Pwani au Zanzibar kwamba giftoman ni walii, ameshaelewa, huhitaji kuongeza neno. Sheria kuu ya Uswidi ya mwaka 1734 ilikuwa na vitabu tisa, na cha kwanza kabisa, kabla ya mirathi na kabla ya ardhi, kiliitwa kitabu cha giftermål, yaani ndoa.

Kwa mantiki hiyo, gift kama sifa ilikuwa na maana ya "aliyetolewa". Sasa jiulize, nani hutolewa? Mwanamke. Mwanamume hatolewi, anatoa au anachukua. Kiswidi cha zamani kilikuwa na neno lingine kwa mwanamume, kvänt, lenye maana ya "mwenye mke". Sisi tunafanya hivyo mpaka leo bila kujali: Juma ameoa, Asha ameolewa. Mwanamke kitenzi chake kiko katika kauli ya kutendwa. Ukimwambia mwanamume kwamba ameolewa umemtukana, au umempa kichwa cha habari cha gazeti la udaku.

Waswidi walifikia mahali wakaacha tofauti hiyo. Kvänt ikabaki vitabuni, na gift ikawa ya wote, mume na mke. Hakuna Mswidi wa leo anayejaza fomu huku akifikiria kwamba ametolewa na mtu. Kwenye fomu ya mjomba chaguo ni ogift, yaani hajaoa au hajaolewa, halafu gift, halafu skild, yaani ameachana na mwenzi wake. Huko Aislandi wamebaki nyuma kidogo, na mimi nawapenda kwa hilo: mwanamume aliyeoa bado unaweza kumwita kvæntur na mwanamke aliyeolewa gift, ingawa siku hizi mwanamume naye anaitwa giftur bila watu kushangaa. Waaislandi pia wanalo neno gifta lenye maana ya bahati njema, lile analojaliwa mtu. Hilo ndilo tawi la neno ambalo ningelichagua kama ningepewa nafasi ya kumfariji mtu mwenye jina hili.

Sumu imetoka wapi, basi?

Imetoka kwa waganga, na imepitia Ugiriki. Waganga wa Kigiriki walikuwa na neno dosis kwa kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa. Dosis kwa Kigiriki ni "kutoa", au "kinachotolewa", kutoka kitenzi chao cha kupa. Kilatini cha wasomi kikaliazima hivyohivyo. Wasomi wa Kijerumani wa zama za kati, walipotaka kulisema kwa lugha ya nyumbani, wakachukua neno lao lenye maana ileile: gift. Kwa hiyo gift ya tabibu ikawa kile ulichopewa unywe. Neno dosis lenyewe unalo mdomoni kila siku bila kujua, Mama Gift. Nesi akikwambia umalize dozi, anatamka Kigiriki kilichopita kwa Mwingereza. Dozi na Gift kwa maana yake ya Kijerumani ni maneno pacha, moja limeazimwa na lingine limetafsiriwa.

Kutoka dawa uliyopewa hadi sumu ni hatua fupi, na binadamu wa kila mahali wameipiga. Watu hawapendi kulitaja jambo la kutisha kwa jina lake. Dukani hatuombi sumu, tunaomba dawa ya panya, dawa ya mende. Na mtu akifa kifo cha kutatanisha baada ya karamu, majirani husema nini? "Alipewa kitu." Hakuna anayeuliza ni kitu gani. Au tunasema "amelishwa", kitenzi ambacho mama humfanyia mwanawe kila siku kwa kijiko, na sote tunaelewa kinachozungumzwa. Mjerumani wa kale alifanya hivyohivyo: alipewa, basi. "Kupewa" huko ikaganda kuwa jina la kile alichopewa.

Majirani zao nao hawakuwa tofauti. Poison ya Kifaransa na Kiingereza imetoka kwa Kilatini potio, yaani kinywaji tu. Na venenum, neno la sumu la Kilatini ambalo Kiingereza kimelifanya venom, lina uhusiano na Venus, mungu wa kike wa mapenzi. Inaaminika kwamba hapo mwanzo lilikuwa dawa ya kuvuta mapenzi. Kwa lugha ya mtaani: limbwata. Limbwata la Warumi likaishia kuwa sumu, na sitaki kusema zaidi juu ya hilo.

Kuna sentensi moja maarufu inayoonyesha maneno haya mawili pacha yakipigana. Aliiandika Paracelsus, tabibu mzaliwa wa Uswisi, mwaka 1538, wakati akijitetea dhidi ya madaktari waliomshutumu kwamba dawa zake ni hatari. Alisema vitu vyote ni sumu wala hakuna kisicho na sumu, ni dozi peke yake ifanyayo kitu kisiwe sumu. Mwanafunzi yeyote wa famasia ameisikia. Kwa Kijerumani chake mwisho wa sentensi unasomeka: alein die dosis macht das ein ding kein gift ist. Upande mmoja dosis, upande mwingine gift. Kwa asili yote mawili ni "kutoa", na Paracelsus ameyaweka kama maadui. Binti yako akifika kwenye somo la dawa ataikuta sentensi hii, na atakuwa mtu pekee darasani ambaye jina lake limo ndani.

Neno lilipohamia kwenye sumu, lile la zamani la sumu lilikwenda wapi? Lilikuwepo, tena lenye nguvu: kwa Kiaislandi bado ni eitur, na Waaislandi hawajawahi kuhitaji jingine. Ujerumani neno hilo likasukumwa pembeni likawa Eiter, ambalo leo ni usaha wa kidonda. Uholanzi hivyohivyo, etter ni usaha. Uswidi etter imebaki kwa sumu ya nyoka hasa. Denmark imejificha ndani ya jina la buibui, edderkop. Hapo kuna onyo la kazini kwa muuguzi mtarajiwa: Eiter ataiandika kwenye ripoti ya kidonda mara nyingi zaidi kuliko atakavyoandika Gift.

Kijerumani kiliendelea kuitumia gift kwa maana zote mbili kwa karne nyingi, na kikazitenganisha kwa jinsia ya nomino. Zawadi ilikuwa ya kike, die Gift. Sumu ikaishia katika jinsia isiyo ya kiume wala ya kike, das Gift. Hatimaye ile ya kike ikafa, na nafasi yake ikachukuliwa na Geschenk, neno lililotokana na kumimina kinywaji kumkirimu mgeni. Haikufa yote, hata hivyo. Imebaki ndani ya Mitgift, mali ambayo wazazi wa mwanamke humpa binti yao aende nayo kwa mumewe. Ni kinyume cha mahari yetu kwa mwelekeo, lakini jamaa yake kwa meza inayokaliwa. Mjerumani anatamka Mitgift bila kuhisi sumu yoyote, na jinsia yake imebaki ya kike, die Mitgift, kama alama ya kuzaliwa.

Sasa mjomba. Kwake maana zote mbili zipo pamoja, na Waskandinavia wenyewe wana utani uliochakaa kwamba ndoa na sumu kwao ni kitu kimoja. Utaucheka mara moja kisha utauchoka. Ukweli ni kwamba maana hizo mbili ziliingia kwa milango tofauti. Ile ya ndoa ni ya nyumbani, ya tangu enzi za giftoman. Ile ya sumu ililetwa na wafanyabiashara. Kati ya karne ya 13 na ya 16 wachuuzi wa umoja wa Hansa, makao yao makuu yakiwa Lübeck kaskazini mwa Ujerumani, walijaa katika bandari za Stockholm, Visby na Bergen, na lugha yao ikamiminika katika lugha za huko kwa namna ambayo Kiarabu kilimiminika katika lugha ya pwani yetu. Kiswidi kimechukua kwao hata maneno ya kila siku kama betala, kulipa, na fråga, kuuliza. Neno la sumu lilikuja katika shehena hiyo, likamkuta ndugu yake yuko nyumbani amevaa nguo ya harusi. Kwa hiyo anayesema Waskandinavia waliona ndoa ni sumu wakaipa jina moja, anapiga porojo.

Mwambie mjomba aangalie vibao vya maegesho ya magari mtaani kwake. Ataona Avgift na saa zake. Hiyo ni ada, kile unachotoa. Kwenye bajeti yake ya mwezi kuna utgift, matumizi, yaani kinachotoka. Mtoto wake anarudi shuleni na uppgift, kazi aliyopewa. Katika maneno haya ya kuunganisha, maana ya asili ya kutoa imeishi salama kabisa, haikuguswa na ndoa wala sumu. Lakini aongeze silabi moja kwenye avgift apate avgiftning, na amerudi kwenye sumu: ni kuondoa sumu mwilini, kama wanavyofanyiwa walevi wanaoacha pombe. Kibao cha ada na wodi ya walevi vinatenganishwa na silabi moja.

Matamshi nayo yanatofautiana. Mdeni anatamka g nzito kama sisi. Mswidi na Mnorwei wanaanza kwa y, yift, karibu kabisa na Mfalme Ine.

Kiholanzi nitakipitia haraka, maana wenyewe wamefanya kazi safi. Waliacha t ianguke kwenye sumu, ikawa gif, na kwa urefu vergif. Gift yenye t wakaiachia mchango na sadaka, hata kwenye karatasi za kodi ambako mlipa kodi huandika michango aliyoitoa kwa mashirika ya hisani. Ila usijisahau, maana giftig ni "yenye sumu", na humo t imerudi. Waholanzi walipohamia rasi ya kusini mwa Afrika waliondoka na gif yao, na Kiafrikana kimebaki nayo. Kaskazini ya Cape Town, karibu na mji wa Vanrhynsdorp, kuna mlima uitwao Gifberg, Mlima Sumu. Umepata jina kwa mti unaoota huko ambao matunda yake wakulima waliyasaga wakayapaka kwenye mizoga ili kuua fisi. Na nchi hiyohiyo ina vijana wengi tu wanaoitwa Gift, wanaopita karibu na jina la mlima huo kila siku bila mtu kuwauliza kitu.

Kiyidi, lugha ya Kigermanik ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, nakitaja kwa jambo moja lililonifurahisha. Neno lao la kawaida la sumu ni sam, walilolichukua kwenye Kiebrania. Sam hiyo ni ndugu wa neno la Kiarabu lililotupa sisi "sumu". Wajerumani wakaishia kwenye mkono unaotoa, na Wayahudi walioishi nao, wakizungumza lugha ya karibu kabisa na yao, wakaishia mahali alipoishia Mswahili.

Turudi kwa binti. Wajerumani watasitasita sekunde moja wakisikia jina. Hilo usimfiche. Halafu wataelewa, kwa sababu karibu kila kijana wa huko amesoma Kiingereza shuleni, na gift ya Kiingereza dhidi ya Gift ya Kijerumani ni mfano ambao walimu wao wa Kiingereza huutumia kuonya kuhusu maneno yanayofanana. Akijitambulisha, aseme "Gift, wie auf Englisch", yaani kama kwa Kiingereza, kisha aendelee na mazungumzo. Asijieleze sana. Anayeeleza sana jina lake huwapa watu sababu ya kulifikiria. Asije akajitafsiri kuwa Geschenk kwenye mkataba au kwenye beji, maana jina la pasipoti na jina la vyeti yakipishana, atapata usumbufu halisi wa ofisini, ambao ni mbaya kuliko kicheko. Kama anataka jina la pili la kuitwa wodini, na la ubatizo lipo kwenye pasipoti, atumie hilo kwa wagonjwa wazee wenye usahaulifu. Mzee wa miaka 90 anayeamshwa usiku na mtu mwenye vidonge mkononi na neno Gift kifuani ana haki ya kuogopa. Hilo pekee ndilo tatizo la kweli ninaloliona katika jambo zima.

Kazini aizoee familia yote ya neno: Vergiftung ni kudhurika kwa sumu, Entgiftung ni kuiondoa mwilini, Giftnotruf ni simu ya dharura mtu akimeza kitu, kwa mfano ile ya hospitali ya Charité ya Berlin. Giftschrank ni kabati la sumu na dawa hatari, linalofungwa kwa ufunguo. Wenzake wakitaka kumtania kwa kabati hilo, na watataka, awajibu kwa usemi wao wenyewe: Darauf kannst du Gift nehmen. Neno kwa neno ni "juu ya hilo unaweza kunywa sumu", na Mjerumani huusema pale sisi tunaposema "hilo halina ubishi". Akiutamka huku akijionyesha kidole kifuani, atakuwa amemaliza utani wa wiki nzima. Na Desemba akienda kumtembelea mjomba, akisikia karani wa uwanja wa ndege anamwita Yift, aitike tu.